Usingizi wa Karanga

Paka alichomoka kikapuni mwa Zamda katikati ya soko la Tabora, mwaka 1954, akajificha chini ya meza ya muuza dagaa. Kijana mwenye kaptura ya kaki alipiga magoti, akamtoa taratibu, akamtegea sikio ubavuni.

"Moyo wake unakwenda vibaya," alisema. "Na hili jipu la taya lapasa kupasuliwa. Mlete kesho ofisi ya mifugo, bibie. Asile kitu."

Huyo alikuwa Mabruki, msaidizi wa daktari wa mifugo. Zamda alijifunga kanga upya bila sababu, akaondoka akijifanya hakuliona tabasamu lake.

Karanga, paka huyo, aliachwa na marehemu mama yake Zamda. Kingine cha mama chenye uhai nyumbani hakikuwepo.

Kulipokucha Zamda akamnywesha maziwa; mgonjwa hanyimwi chakula! Mabruki akawarudisha: "Akitapika katika usingizi wa dawa atapaliwa." Siku ya pili paka alifika akihema kwa hofu, wakarudishwa tena. Ya tatu, dawa ya usingizi iliyokuwepo ilikuwa klorofomu tu. Wangoje dawa nyingine, etha, ije na treni. Jipu likazidi kuvimba, Zamda hakai wala hasimami, na majirani wakacheka: kijana anamvuta mwenye paka!

Zamda akawaka. "Kama unanitaka mimi, sema! Usichezee roho ya paka wa mama yangu."

Mabruki aliinamisha macho. "Nakutaka, Bi Zamda. Lakini kwa moyo ule, klorofomu ingemuua. Afadhali unichukie naye yu hai."

Zamda aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Ijumaa etha ikafika. Zamda alimshika Karanga, Mabruki akadondosha dawa kwenye pamba, tone baada ya tone, kidole kikiwa kwenye mshipa wa paja. Jipu lilipasuliwa haraka, pamba ikaondolewa. Paka hakuamka. Moto wa kumpasha joto hauwashwi penye etha, maana hulipuka, kwa hiyo Zamda alivua mtandio akamfunika, kisha akaanza kwenda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi.

"Zamda! Sikio!"

Sikio lilikuwa limecheza. Zamda alilia waziwazi.

"Nimekuja kwako mara nne," alisema akijifuta machozi. "Sasa zamu yako kuja kwetu. Na mshenga."

"Nije sijala?"

"Njoo na njaa yako. Kwetu mgonjwa hanyimwi chakula."