Nguzo ya Bahati

Kila siku akitoka shule, Redio alimpelekea babu yake chai msikitini. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na swichi ya kuzimia. Babu alikuwa fundi chokaa, na kwa miezi mitatu alikuwa akizipiga lipu upya nguzo za msikiti mkuu wa kale, ule wenye kuba kubwa.

"Nguzo hizi za mbele zina pembe nane," Babu alisema siku moja akipuliza chai. "Za nyuma ni za mviringo. Unajua kwa nini?"

"Najua, Babu," alijibu Redio. Hakujua. Alikuwa akimtazama mjusi ukutani.

Wiki hiyo mwalimu wa hesabu alitangaza kwamba darasa lingetembelea msikiti. Nani angeweza kuwaongoza wenzake? Redio alinyoosha mikono yote miwili.

Jumamosi wakafika. Redio akaonyesha nguzo ya kwanza. "Hii ni nguzo," alisema. Akaonyesha ya pili. "Hii pia." Kufika ya sita, wenzake walikuwa wanapiga miayo.

"Redio imeishiwa betri!" alicheka mvulana aliyeitwa Mrefu.

Redio akaona haya. Akaigusa nguzo ya saba, iliyopigwa lipu jana yake tu. "Hii ina siri," alinong'ona. "Ukiigonga ngumi tatu, huwezi kufeli mtihani."

Miayo ikakatika papo hapo. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Jumatatu asubuhi Babu alipofika kazini, alikuta foleni ya wanafunzi kutoka kwenye rafu ya viatu hadi nguzo ya saba, na Redio amesimama kando. Mwishoni alikuwa mwalimu wa hesabu, ameinama akijifanya anafunga kamba za viatu, ilhali alikuwa peku.

"Jamani, kuna nini?" Babu aliuliza.

Kabla hajajibiwa, Mrefu alipiga ngumi ya tatu. Pande la lipu pana kama sinia likaanguka chini, pwaa!

Msimamizi wa msikiti akaja mbio, akamkamata Mrefu mkono. "Wewe! Twende kwa mwalimu mkuu. Hufanyi mtihani mpaka mzazi wako aje!"

Mrefu akaanza kulia. Redio alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa akimwangalia. Miguu ilitaka kwenda, lakini machozi ya Mrefu yakamzuia.

"Mwachie, mzee," alisema. "Mimi ndiye niliyewadanganya. Nguzo haina siri yoyote. Nilikosa la kusema."

"Mimi nilijua tangu mwanzo," mwalimu wa hesabu alisema, akificha nyuma ngumi yake iliyojaa chokaa.

Mrefu akaachiwa, akawahi mtihani. Babu akaipiga nguzo lipu mpya. Kwa siku kumi, asubuhi na jioni, Redio aliinyunyizia maji ili isikauke haraka ikapasuka. Siku ya nne akauliza, "Babu, kwa nini za nyuma ni za mviringo?"

"Si ulisema unajua?"

"Nilikuwa namtazama mjusi."

Babu akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. "Mababu walijenga sehemu ya mbele. Mji ukakua, watu wakawa wanaswali nje juani. Wajukuu wakaongeza nyuma, lakini hawakutaka kujisifia kazi isiyo yao. Wakajenga za mviringo, ili kila mtu aone kazi ya wazee inapoishia."

Redio akageuka, akatafuta kwa macho mahali nguzo za pembe nane zinapoishia.

"Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu," Babu alisema. "Yako iliishia nguzo ya saba. Usipojua, sema hujui, kisha uliza. Hiyo si aibu."

Mwezi uliofuata darasa jingine lilikuja, na Mrefu akajiunga nalo kusikiliza. Redio akawasimulia habari za nguzo, na hakuna aliyepiga miayo. Msichana mmoja akauliza, "Kuba lilijengwa kwa miaka mingapi?"

"Sijui," alisema Redio. "Tumuulize Babu."

"Redio imesema haijui!" Mrefu alishtuka, akaegemea nguzo iliyokuwa karibu asianguke.

"Toka hapo!" Babu alipiga kelele. "Lipu bado mbichi!"