Ni Muziki, Musikimbie

Soko la Mulongwe lilikuwa limefurika asubuhi hiyo. Dorine alikuwa akifungua robota la mitumba alipomwona kijana aliyevaa nyeusi tupu, shati hadi viatu, na mnyororo kiunoni. Akaacha kazi, akampa mkono kwa heshima.

“Pole sana, kaka. Nani amekufa?”

Kijana alicheka hadi akashika tumbo. “Haina muntu amekufa, dada. Minye ni Clovis. Napiga muziki ya métal, gitaa.”

“Ile ya kulia sawa muntu anachomwa na moto?”

“Ile ile! Huku tunazika kila siku, redio inatuimbia viuno tu. Muntu mwenye hasira atalilia wapi?”

Dorine alimpa namba yake ya simu, macho yake yakaufuata mgongo ule mweusi hadi ukapotea. Jioni simu yake ikaita. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda mtaa mzima ukajua.

Mama yake, Geneviève, mama wa misa ya alfajiri, alinuna mwanzoni. Lakini Clovis alikuwa na adabu. Ngoma za mwenzake Pitchou zililia kama bunduki, na watu wa pale walikuwa wamekimbia vita mara nyingi mno. Basi kila siku ya mazoezi Clovis alizunguka nyumba kwa nyumba akibisha hodi: “Leo saa nane. Ni muziki, musikimbie.” Kwa hilo tu mama alimpenda.

“Mukwe wangu iko na akili,” aliwaambia majirani.

Vita vikateremka tambarare ya Ruzizi. Watu wa Luberizi walipita na magodoro kichwani, lakini mji wa Uvira ukajipa moyo kwamba bado havijafika. Ijumaa moja Clovis alizunguka kama kawaida yake. Mchana Dorine akampigia simu.

“Chéri, weye iko wapi?”

“Nafunga nyuzi za gitaa, moyo wangu.”

“Acha hizo. Niko Kalundu, nimevaa ile robe ya kijani. Kama haukuji, muntu mwingine ataiona.”

“Weye utaniua!”

Akawaruhusu wenzake, akarukia pikipiki. Hakurudi kuwaambia watu kwamba muziki hakuna. Nani angekumbuka milango ya watu, gauni la kijani likimngoja ziwani?

Saa nane milio ikaanza. Mama Geneviève alikuwa uani akichagua mchele. Jirani alimwita juu ya ua: tukimbie?

“Tulia,” mama akasema. “Ni mukwe wangu.”

Bomu lilimkuta amekaa.

Siku ya maziko Clovis alisimama mbali, nje ya kilio, hakuthubutu kuingia. Aliamini Dorine anamchukia. Dorine alimwona amesimama kule, haji, akaamini kwamba ni yeye anayechukiwa. Akazima simu, akavuka mpaka hadi Gatumba, upande wa Burundi, kwa shangazi yake Consolate. Ndivyo wapendanao walivyo: kila mmoja alimhukumu mwenziwe kwa kosa lake mwenyewe.

Clovis alimtafuta siku nyingi, akamkuta kwenye foleni ya maji, amekonda, kitenge kimefifia.

“Nilikuwa naona hautaki kuniona,” akasema. “Minye ndiye sikurudi kuwaambia watu.”

“Na nani alikuita, Clovis? Si minye?”

Walikumbatiana mbele za watu, wakalia bila haya. Clovis akamshika mikono.

“Nikuoe, Dorine. Gitaa nitaacha. Nitalima mpunga.”

“Usiache, gitaa haina kosa.” Alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. “Minye nakupenda, na hiyo njo inaniuma. Nikikuangalia, namuona mama amekaa. Weye ukiniangalia, unaona ile robe. Bana wetu watauliza bibi yao alikufa namna gani. Nani kati yetu atajibu?”

Clovis aliliokota bidoni la Dorine la maji. Zamu yao ilipofika alijaza bidoni, akalibeba begani hadi mlangoni. Shangazi Consolate alitoka, akamtazama kuanzia viatu, uso ukamchangamka.

“Dorine, huyu njo yule mukwe?”

“Hapana, shangazi,” Dorine alisema. “Ni muntu wa kwetu tu. Amenisaidia maji.”

Clovis akatua bidoni, akamsalimu shangazi kwa mikono miwili, akashika njia ya mpaka.