Yago la Tano

Phelesia hakuwa mtu wa kijicho. Jirani akinunua baiskeli, yeye ndiye aliyetangulia kupiga vigelegele. Ila kila Novemba, wageni walipofika ufukweni Mbita na mashada ya maua, kifua chake kiliwaka.

Walikuja kuwakumbuka wanahewa watano ambao ndege yao ya mabomu ilizama ziwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Miili haikuopolewa. Kwa desturi, wazee walizika badala yao, hapo ufukweni, matunda matano ya mwegea, yanayoitwa yago, kila mmoja lake, roho zisije zikazurura. Cephas, mume wa Phelesia, alipotelea Burma katika vita hivyohivyo. Yeye pia alizikiwa yago, nyuma ya nyumba. Hakuna aliyewahi kumletea hata ua moja.

"Dana, unawaonea wivu maiti?" mjukuu wake Lynnet alimtania mwaka huo wa 1994.

"Wanasomewa majina. Babu yako ni mbwa?"

Siku ya soko, kijiji kikiwa kitupu, Phelesia alichukua jembe. Alitarajia kukuta vumbi kaburini mwa Cephas. Miaka hamsini!

Tunda lilikuwa bichi.

Angeachia hapo. Badala yake alilifunga kwa leso, akalizika ufukweni katika kaburi la tano. Yago la mwanahewa aliogopa kulitupa, akalizika nyumbani, shimoni mwa Cephas. Lilikuwa zito. Lilidondosha maji njia nzima.

"Sasa nawe utasomewa," alinong'ona.

Jioni Lynnet alikuwa akifagia.

"Dana, nani amemwagia maji kiti cha Babu?"

Kiti kilinuka petroli. Alama za buti zilitoka kaburini hadi mlangoni. Ziliingia. Hazikutoka.

Phelesia alikifuta kiti. Kikalowa. Akakianika nje. Kikalowa.

Asubuhi alikimbilia ufukweni kumrudisha mumewe. Alichimba hadi kiunoni. Shimo lilikuwa tupu. Ndipo mngurumo wa injini ukapita juu ya ziwa. Anga nyeupe, hakuna kitu. Ndani ya mngurumo, wanaume walikuwa wakicheka. Watano. Kicheko kimoja alikijua tangu usichana wake.

Hakikumwita.

Novemba iliyofuata, mgeni alisoma majina manne. Akasita.

"Cephas Oloo," akasema.

Aliigeuza karatasi, akaitazama tena, akafuta miwani. Jina hilo halikuwamo. Watu wote wakamgeukia Phelesia, wakingoja vigelegele.

Vigelegele havikutoka. Alikuwa akimfikiria yule wa kitini, aliyenyang'anywa jina lake.

"Dana," Lynnet alinong'ona, "umesimama na nani?"

Phelesia alitazama chini. Kando ya miguu yake, kwenye mchanga mkavu, palikuwa na alama mbili za buti. Zilikuwa zikijaa maji.