Mjane Aliyemwita Mwanangu

Jamaa yangu mmoja alikuwa mhudumu wa vyumba katika meli ya watalii. Kulikuwa na mjane tajiri asiyekosa safari, aliyemwita "mwanangu" na kumkumbatia mbele za watu. Jamaa alimchekea usoni, kisha akawaambia wenzake, "Kupe yule. Akishuka nchi kavu, nani anamjua?"

Asubuhi moja alimwacha juu akinywa kahawa, akashuka stoo ya chini kabisa kuchukua mashuka. Taa zikazimika. Gizani akasikia kucha zikikwaruza ukuta wa chuma.

"Mwanangu, mbona umenifungia nje?"

Ilikuwa sauti ya yule mjane.

Akapapasa kuelekea mlangoni. Zile kucha zikamfuata hatua kwa hatua, upande wa pili wa chuma, ambako hakukuwa na chumba wala ujia, ila bahari tupu.