Sekunde Arobaini za Mama Mariana

Usijifanye hukuwaona wakimbizi wale wa kutoka ng'ambo ya ziwa. Walipita mbele ya mlango wenu, godoro kichwani, mtoto mgongoni, kuku kwapani, na wewe ukainama ukajifanya unafunga kamba ya kiatu. Kama mwaka ule wa 1998 ulikuwa hujazaliwa, usifurahi bado. Wapo wanaopita leo, na kiatu unacho. Msichana wa kisa hiki naye alijua kuinama. Msikilize mpaka mwisho, halafu tutaulizana.

Nasma alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, hapo Ujiji. Kila asubuhi alifagia ua, akachota ndoo mbili bombani, akanywa chai kwa muhogo wa jana, kisha akatoka mbio huku mama yake akipaza sauti nyuma yake, "Nasma! Mtandio!" Akarudi, akauchukua, akatoka tena. Ilikuwa hivyo kila siku, na kila siku rafiki yake Ikram alimngoja njiani akicheka.

Wiki hiyo Mwalimu Verediana alikuwa amempa kazi ya gazeti la ukutani. Kila mwezi mwanafunzi mmoja alizungumza na watu kuhusu kazi yao, akaandika maswali na majibu, na karatasi ikabandikwa nje ya ofisi ya walimu. Nasma aliomba kuzungumza na watu wa filamu.

"Watu wa filamu wako Dar es Salaam," alisema Ikram. "Sisi tuna mjomba wako Gharib na kamera yake ya harusi. Utamwuliza nini? Pilau ilikuwa na nyama?"

"Anatengeneza filamu ya kweli sasa. Ya mjane aliyenyang'anywa nyavu na mashemeji. Itaonyeshwa kwenye banda la video Buzebazeba."

"Haya, mwandishi. Usisahau kutuletea pilau."

Mwalimu Verediana hakucheka. Alimkabidhi Nasma daftari jipya, akamwambia jambo moja tu. "Andika walichosema wao. Si ulichotaka waseme."

Basi siku nne mfululizo, akitoka shule, Nasma alikwenda ufukweni walikokuwa wakipiga picha. Mjomba Gharib alikuwa mtu wa maneno mengi na jasho jingi. Alijibu maswali huku akibeba viti.

"Mjomba, ulisoma wapi kutengeneza filamu?"

"Harusini! Bibi harusi harudii kuingia ukumbini kwa sababu wewe ulikuwa unapiga chafya. Ukikosa, umekosa. Shule gani kali kama hiyo?"

"Na kwa nini mnapiga picha kwa kufuatana, ya kwanza kwanza, ya mwisho mwisho?"

"Kwa sababu sina mashine ya kukata na kuunga. Wenye studio wanapiga wanavyotaka, wanapanga baadaye. Mimi kaseti yangu inakwenda mbele tu. Ukiirudisha nyuma halafu ukabonyeza kitufe chekundu, kilichokuwapo kimefutika. Mwulize Selestini."

Selestini ndiye aliyeshika kamera. Alikuwa na studio ya picha Baraka, ng'ambo ya ziwa, kabla ya vita. Sasa alikuwa na suruali mbili na kijitabu. Kila kipande kikimalizika aliandika kijitabuni namba iliyokuwa ikionyeshwa na kamera, na kabla ya kurekodi kingine aliilinganisha.

"Hivi huchoki?" Nasma alimwuliza.

"Mutoto, nilitoka Baraka na namba tu kichwani. Namba ya nyumba, namba ya sanduku la posta. Nimezoea kuzitunza."

Lakini aliyemvuta Nasma hasa ni mwigizaji aliyecheza mjane. Jina lake Stephania, ila kila mtu alimwita Mama Mariana. Alikuwa mkimbizi wa kambi ya Lugufu, ametoka kwa kibali cha siku tano. Akiwa amekaa kimya alionekana mwanamke kama yeyote anayeuza mawese sokoni. Gharib akisema "Haya!", mabega yake yaliteremka kidogo tu, na watu waliosimama kuangalia walinyamaza hata watoto.

"Mama Mariana, unaliaje bila kupigwa?"

Alicheka. "Silii. Mutu mwenye msiba wa kweli anapigana na machozi. Mimi naonyesha yale mapigano. Wenye kulia ni nyinyi."

"Ulijifunza wapi?"

"Uvira, kwenye kundi la maigizo la parokia. Miaka tisa. Nilianza nikicheza bibi kizee, nikiwa na miaka ishirini. Walinipaka majivu kichwani."

"Na kwa nini unacheza filamu hii, wakati hulipwi?"

"Gharib ameniahidi sekunde arobaini mwishoni. Zangu mwenyewe. Kaseti hizi wachuuzi wanazivusha, zinaonyeshwa Baraka, Kalemie, kila mahali. Utaona kesho."

Kesho yake, saa kumi alasiri, alisimama kando ya maji bila vazi la mjane, akaangalia kamera, akazungumza. Nasma alijaribu kuandika, penseli ikamshinda. Maneno yalikuwa mepesi na penseli nzito. Alipoinua kichwa, Mama Mariana alikuwa ameshamaliza na Selestini anaandika namba yake kijitabuni.

Adhana ya alasiri ikaita. Gharib akaenda msikitini. Selestini, ambaye ni Mkristo, akaitwa kusaidia kusukuma mtumbwi utakaopigwa picha ya kufungia filamu.

"Kaa na kamera," alimwambia Nasma. "Usiiguse."

Nasma alikaa nayo. Aliliangalia daftari lake lenye mistari miwili tu na nukta nyingi. *Andika walichosema wao.* Alikuwa amemwona Selestini akirudisha kaseti mara ngapi? Akavaa hedifoni, akabonyeza, akachungulia kwenye kitundu cha kamera. Mama Mariana alikuwa humo ndani, mdogo kama kidole, akisema. Nasma akaandika. Akarudisha nyuma, akaandika tena, mpaka neno la mwisho. Akarudisha mara moja zaidi kuhakikisha mwanzo, na hapo akasikia viatu vya mjomba kwenye changarawe. Akabonyeza kuzima, akavua hedifoni, akakaa kama sanamu.

"Selestini! Haraka, mitumbwi ya dagaa inaondoka!" Gharib alipiga kelele. Kweli, wavuvi walikuwa wameshapakia karabai zao na hawakuwa na mpango wa kumngoja mtu. Selestini alikuja mbio akihema, akaibeba kamera begani. Kwa mara ya kwanza katika siku nne hakufungua kijitabu. Akabonyeza kitufe chekundu.

Nasma aliona. Mdomo ulifunguka. Halafu ukafungwa.

Kabla ya jua kuzama walikaa wote sebuleni kwa Gharib kuangalia filamu nzima, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Watu walicheka, wakawatukana mashemeji kwenye televisheni, wakajifuta macho. Kisha Mama Mariana akatokea kando ya maji.

"Mimi ni Stephania wa Yakobo, wa Kazimia. Namta..."

Mitumbwi ikaingia. Mitumbwi mizuri, maji yanang'aa, wavuvi wanaimba. Ikaendelea mpaka mwisho wa kaseti.

Gharib alisimama. Alimgeukia Selestini. "Umerekodi juu yake?"

Selestini alifungua kijitabu, akaangalia kamera, akaangalia kijitabu. "Namba yangu ni hii hapa. Mimi... sikutazama, Gharib. Ulisema haraka."

"Siku nne unaniandikia namba kama karani wa bandari, leo ndiyo hukutazama?"

"Ndiyo mambo ya kuwapa wakimbizi kazi," alisema jirani mmoja mlangoni, na wengine wakaguna kukubali. Hao hao waliokuwa wakifuta macho dakika mbili nyuma.

"Turudie kesho asubuhi," Gharib alimwambia Mama Mariana. "Mimi mwenyewe nitashika kamera. Selestini asije."

Mama Mariana alijifunga kitenge vizuri. "Hapana, Gharib. Yale nimeshayatoa. Sina mara ya pili. Kesho saa sita lori la kurudi kambini linatuchukua pale Mwandiga." Akaiangalia televisheni iliyozimwa. "Mitumbwi imetoka vizuri," akasema, akatoka.

Na Nasma? Alikuwa ameinama. Alikuwa anafunga kamba ya kandambili yake, na kandambili haina kamba.

Asubuhi alifagia ua mara mbili na mtandio hakuusahau. Mama yake alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Shuleni, Mwalimu Verediana alichukua daftari akalisoma akiwa amesimama. Alicheka kwenye chafya ya harusini na kwenye majivu ya Uvira. Alipofika ukurasa wa mwisho, alikaa kwenye kiti.

"Nasma. Huku mwanzoni umeandika kama mtoto anayekimbizana na maneno. Hapa mwishoni hakuna hata neno moja lililopungua. Umewezaje?"

Nasma angeweza kusema kwamba Mama Mariana alimtajia polepole. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi na ulikuwa mdogo. Lakini aliyaona maandishi yake mwenyewe mikononi mwa mwalimu, maneno ambayo duniani kote sasa yalikuwa mahali pamoja tu.

"Nilirudisha kaseti," akasema. "Niliambiwa nisiiguse. Nikaiacha nyuma, wakarekodi juu yake. Amefukuzwa Selestini, na Mama Mariana anaondoka saa sita." Halafu ndipo kilio kikaja, kilio chenyewe, bila mapigano.

Mwalimu Verediana aliangalia saa. Saa nne na robo. "Machozi utayamalizia njiani. Chukua daftari. Kimbia kwa mjomba wako."

Gharib alikuwa anaosha pikipiki. Alimsikiliza mpaka mwisho na kitambaa kikidondosha maji. Hakumpiga. Alisema tu, "Panda," na kituo cha kwanza kilikuwa chumba cha Selestini, aliyekuwa anafunga suruali zake mbili kwenye mfuko wa plastiki wa rambo.

"Sele, ndugu yangu," Gharib alisema pale pale uani, mbele ya wapangaji wote, kwa sauti ya kusikika. "Nilikusingizia. Aliyekosa ni mtoto wetu. Nisamehe."

Selestini aliuweka mfuko chini. "Na mimi sikutazama namba," akasema. "Leta kamera."

Walikwenda Mwandiga watatu kwenye pikipiki moja, Nasma katikati amebanwa kama muhogo kwenye gunia, daftari kifuani. Lori lilikuwa limeshafika. Mama Mariana alikuwa amekaa juu ya furushi lake kando ya barabara, kibali mkononi.

"Shikamoo, Mama Mariana."

"Marahaba, mwanangu. Shule imekimbia?"

Nasma akamweleza yote, amesimama wima, hakuna kamba ya kufunga. Akafungua daftari akampa. Mwanamke akasoma, midomo ikisogea: *Namtafuta mwanangu Mariana, ana miaka kumi na miwili, ana kovu dogo chini ya kidevu. Tuliachana bandarini mtumbwi ulipojaa. Niko kambi ya Lugufu. Mariana, sikukuacha. Mkono uliteleza.*

Selestini alikuwa ameshaweka kamera begani na amelinganisha namba, mara mbili. Mama Mariana alisimama mbele yake. Alifungua mdomo. Mwigizaji aliyeigiza Uvira miaka tisa, aliyewanyamazisha Ujiji nzima kwa mabega, hakuweza kutoa neno. Dereva akapiga honi.

"Muulize," Selestini alimnong'oneza Nasma. "Kama kwa gazeti lako."

Nasma akasogea kando ya kamera. "Unaitwa nani, mama?"

Mama Mariana alimwangalia. Urefu ule ule, miaka ile ile.

"Mimi ni Stephania wa Yakobo, wa Kazimia."

"Unamtafuta nani?"

"Mwanangu, Mariana."

Wakaenda hivyo, swali na jibu, mpaka kovu, mpaka bandari, mpaka Lugufu. Nasma akauliza ambalo halikuwa daftarini. "Ungependa kumwambia nini?"

"Kwamba sikumwacha. Mkono uliteleza." Akatabasamu, na tabasamu hilo halikuwamo kwenye sekunde za kwanza. "Na kwamba bado najua kupika lenga lenga zake, mchicha ule anaoupenda."

Selestini alizima, akaandika namba. Gharib alijifanya vumbi limemwingia machoni.

Kabla ya kupanda lori Mama Mariana alimshika Nasma kidevu. "Sikia, mutoto. Kosa lako la kwanza lilikuwa la kidole. Kidole kinateleza, hata mkono unateleza, nani anajua kuliko mimi? Hilo nimekusamehe kabla hujafika. La pili lilikuwa la mdomo. Mdomo haukuteleza. Uliufunga mwenyewe, ukaona mtu mwingine anabebeshwa, ukalala. Ukikosea, sema kabla hajabeba mwingine. Leo umesema, tena mbele ya watu. Kesho sema mapema zaidi."

"Nitasema, mama."

Lori likaondoka. Gharib alitoa nakala tatu. Moja ilikwenda Baraka na mchuuzi wa mawese, moja Kalemie, moja ikaonyeshwa Buzebazeba, na yule jirani wa mlangoni alikaa mbele kabisa. Selestini akawa mpiga picha wa filamu zote za Gharib. Gazeti la Nasma lilibandikwa nje ya ofisi, na mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa kuliko zote, ulisema nani aliyeirudisha kaseti nyuma.

Sasa wewe. Yupo mtu darasani kwenu, mtaani kwenu, anayebeba kosa lisilo lake kwa sababu lafudhi yake ni ya ng'ambo na hana shangazi wa kumtetea. Unamjua kwa jina. Labda kosa lenyewe ni lako. Acha hiyo kamba ya kiatu. Funga kitabu, simama, nenda kamtaje aliyekosa, hata kama ni wewe, na useme kwa sauti, mbele ya wale wale waliosikia uongo. Lori la mtu huyo linaondoka saa sita. Nenda.