Kipimajoto cha Bomba la Moshi

Tangu Jumanne Delphine hakutulia. Kila akiketi, aliinuka. Alikimbilia kibanda cha vifaranga, akatazama jiko la kuni lililowapasha joto, akarudi, akaenda tena.

Jumanne hiyo masizi yalishika moto ndani ya bomba la moshi. Bomba liliunguruma. Cheche zilianguka juu ya paa. Zéphirin, mume wake, alifunga mlango wa hewa wa jiko, na moto ukafa.

"Tuzime hii jiko kabisa," alisema Zéphirin.

"Na hii baridi ya Juni? Vifaranga mia mbili watakufa!"

Delphine alitoa kipimajoto cha kioo ukutani mwa kibanda, akakifunga kwenye bomba kwa waya ili ajue likizidi moto. Dakika kumi hazikuisha. Pa! Kioo kilipasuka.

Alivuka barabara kwa jirani yao, Papa Mutale. Mzee huyo alifanya kazi miaka mingi kwenye tanuru za shaba.

"Mama, ile iko ya kupima hewa ya nyumba," alisema Papa Mutale. "Inaishia digrii makumi tano. Bomba inapita mia mbili!"

"Sasa ninunue gani?"

"Ya chuma, ya duara, yenye mushale, na sumaku nyuma. Soma namba: zifike mia ine ao zaidi. Bomba yenu iko ya chuma?"

"Ndiyo, Papa."

"Muzuri, sumaku itashika. Pima juu ya jiko kutoka kiwiko mpaka vidole, uweke pale."

"Na mushale usimame wapi?"

"Kati ya mia moja makumi mbili na mia mbili makumi ine. Ikiwa chini, masizi yanajaa. Ikipita, punguza hewa. Lakini kwanza musafishe bomba. Na kuni mbichi, hapana!"

Jiko lilipopoa, Zéphirin alisugua bomba. Masizi yalijaa ndoo nzima. Delphine alikwenda mtaa wa Kamalondo kwa muuza vyuma. Alikataa vipimajoto viwili: kimoja kiliishia mia moja, kingine hakikuwa na sumaku. Cha tatu alikichukua, akakibandika kwenye bomba.

Siku ya tatu mshale ulipanda mpaka mia mbili na sitini. Delphine alipunguza hewa, akangoja. Mshale ukashuka polepole mpaka mia mbili.

"Zéphirin, kuja uone! Imetii!"

Mwisho wa Julai vifaranga walikuwa wameota manyoya. Delphine alifungua mlango wa kibanda, nao wakatoka juani wakisukumana.