Usimwite Hezekiah

Mtu akikuambia kwamba mambo haya hutokea usiku tu, mwambie mimi, Milcah wa Shieywe, nimesema ni uongo. Yalitokea Jumatatu mchana kweupe, nepi zikiwa zimeanikwa kwenye kamba na redio ya jirani ikiimba pambio. Wala hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata Tyson, mdogo wangu wa tumbo moja, na sitamtetea, kwa sababu aliyataka mwenyewe.

Tyson ni fundi wa kompyuta katika chuo kimoja cha binafsi hapa Kakamega mjini. Jina la chuo sitalitaja. Kazi alifundishwa na mzee mmoja aliyeitwa Hezekiah, mtu wa Khwisero, aliyetunza kompyuta za pale tangu enzi za skrini zenye kisogo kirefu. Mzee alimwonyesha kila kitu. Shukrani ya punda ni mateke. Tyson alipoiva, akaanza kumnong'oneza mkuu wa chuo: mzee analala kazini, mzee haelewi Windows mpya, mzee amechoka. Januari mzee akafukuzwa. Aliomba jambo moja tu, achukue kompyuta yake, ambayo aliiunda kwa mikono yake na kwa vipande vyake mwenyewe. Tyson akakataa. Akasema ina siri za chuo.

Hezekiah hakugombana naye. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia, "Sawa. Siku moja utanihitaji, utaniita. Utaniita mpaka uchoke. Na mimi nitakuja."

Tyson alitusimulia hayo mezani akicheka, akimwiga mzee sauti. Mama yetu, Roda, hakucheka. Aliacha kula.

Mwezi wa sita Hezekiah akafa, akazikwa siku ya Jumamosi kwake Khwisero. Tyson hakwenda mazishini. Jumamosi hiyo alikuwa stoo ya chuo, ameifungua ile kompyuta ya mzee na anaichinja. Hivyo ndivyo anavyosema yeye: mashine ikizeeka unaichinja, unatoa kinachofaa. Alitoa memori na kadi ya mtandao, akavipachika kwenye kompyuta ya ofisini kwake. Kwetu vitu vya marehemu havishikwi hadi siku ya tatu baada ya maziko, watu wa nyumba yake wanyolewe nywele, ukoo ukae, na kila kitu kitajwe mbele ya watu ni cha nani sasa. Kabla ya hapo hata jina lake haliitwi ovyo, maana bado yuko njiani na anaweza kugeuka. Mtoto wa darasa la pili anayajua haya. Tyson ana diploma.

Mimi nilikuwa nyumbani kwake kwa ajili ya mtoto. Naliaka, mkewe, alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na baada ya ile ya pili alikaa miezi mitatu bila kuchana nywele. Huyu alikuwa wa tatu. Mvulana, siku ishirini na tatu, mwenye nywele nyingi nyeusi zilizoshuka hadi masikioni. Tulikuwa tukingoja atimize mwezi tumpe jina la marehemu baba yetu, Shikanga, na Mama alikuwa amekuja kutoka Butere kulishuhudia hilo. Nilimpenda mtoto yule kuliko nilivyowahi kumpenda baba yake, na sioni aibu kusema.

Jumatatu hiyo Tyson alikunywa chai, akambusu mtoto kwenye paji la uso, akaenda kazini. Alikuta kelele. Hakuna kompyuta hata moja iliyokuwa na mtandao, na wanafunzi walipaswa kusajiliwa kwa mtihani siku hiyo. Kila skrini ilikuwa na onyo lilelile la Windows, kwamba kuna kompyuta nyingine inayotumia anwani hii. Alinieleza baadaye kwamba kila kompyuta hupewa anwani yake, kama namba ya nyumba, na mbili zikishika namba moja zinagombana na hakuna inayopata barua. Ni hitilafu ya kawaida. Hurekebishwa kwa dakika tano.

Alizima rauta, akaiwasha. Akabadilisha anwani kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kila namba mpya aliyoweka ilikuwa na mwenyewe tayari. Akatafuta jina la mashine iliyokuwa ikizinyakua zote, na jina likaja kwa herufi kubwa: HEZEKIAH.

Akacheka. Akadhani ni ile kadi aliyoihamisha. Akaichomoa, akaiweka juu ya meza mbele yake, akaangalia tena. Jina lilikuwa bado pale.

Sasa, kuna amri moja ya kompyuta inayoitwa ping. Kazi yake ni kuita. Unaandika jina la mashine, laptopu yako inaliita, na mashine hiyo ikiwa hai inajibu. Halafu inakuandikia jibu limechukua milisekunde ngapi kufika. Zikiwa nyingi, mara nyingi aliyeitwa yuko mbali. Zikiwa chache, yuko karibu.

Kageha, mama wa usafi, alikuwa akipiga deki ofisini. Ni mtu wa ukoo wa mzee, na alikuwa amerudi jana yake kutoka mazishini. Aliinua macho akaliona lile jina kwenye laptopu ya Tyson.

"Unafanya nini na jina ya mzee?"

"Naiita, nione kama iko hewani."

Kageha akaegemeza mopu ukutani. Akashusha sauti. "Watu hawajanyolewa, Tyson. Wananyolewa kesho. Mtu haitwangi kabla ya hiyo."

"Mama, wacha hizo. Hii ni kompyuta."

"Hapo umeandika kompyuta, ama umeandika Hezekiah?"

Tyson akabonyeza.

Jibu la kwanza lilichukua milisekunde elfu tatu na mia nane. Lilitoka mbali mno kwa mashine iliyo ndani ya jengo moja. Akaongeza herufi ile inayoifanya laptopu iite bila kukoma, kila sekunde, mpaka uizuie. Ndiyo kawaida ya mafundi: unaliacha jina liitwe, unakwenda kwenye swichi, kile kisanduku ambamo kebo zote hukutana, unachomoa kebo moja moja. Majibu yakikatika, umempata mhalifu. Akamwomba Kageha akae mbele ya skrini amsomee namba.

Ilikuwa saa nne na nusu. Nyumbani, saa nne na nusu, mtoto aliliacha ziwa akaanza kulia.

Kebo zilikuwa ishirini na nne. Alichomoa ya kwanza.

"Elfu tatu," Kageha akasoma.

Akachomoa nyingine tano.

"Elfu moja na mia tisa."

Akachomoa zote. Taa za swichi zilizima, safu nzima. Hapakuwa na waya hata mmoja uliogusa mwingine chumbani humo.

"Imekoma?"

Kageha akaisogelea skrini. "Mia sita," akasema. "Tyson, huyu anakuja. Nyamazisha."

Alirudi mbio. Akachomoa kebo ya laptopu yenyewe. Akazima mtandao wa hewani. Mia tano na kumi. Mia nne na themanini. Akabonyeza vitufe vya kuzuia. Haikuzuilika. Akabonyeza kitufe cha kuzima. Haikuzima.

Akakimbilia stoo. Kompyuta ya Hezekiah ilikuwa palepale kwenye rafu, bila waya wa umeme. Jumamosi alikuwa ameacha kifuniko chake sakafuni. Sasa kilikuwa kimefungwa, na skrubu zote nne zimekazwa.

Tyson akafanya kosa ambalo sitamsamehe hadi nife. Kwanza alijifungia ofisini saa tatu nzima akihangaika na laptopu ile, huku namba zikishuka. Mia mbili. Tisini. Kumi na mbili. Kisha, akiogopa mkuu wa chuo asije akaiona, aliifunga ikiwa bado inaita, akaitia kwenye mkoba, akaileta nyumbani.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya. Mtoto alikuwa amelia tangu saa nne na nusu bila kupumzika. Sauti ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni mkwaruzo. Hakutaka ziwa, hakutaka maji. Midomo ilikuwa imekauka. Gauni la Naliaka lilikuwa limelowa maziwa kifuani, naye alikuwa akimtembeza mtoto chumbani.

"Atakufa," alikuwa akiniambia. "Dada Milcah, huyu pia atakufa."

Mama akafanya kilichofanywa na mama zake. Mtoto akilia hivyo, kuna mtu wa ukoo aliyekufa anayetaka jina, basi unawaita mmoja mmoja. Ukimtaja mwenyewe, mtoto ananyamaza na kunyonya. Alimpakata, akamnong'oneza sikioni.

"Ni wewe, Shikanga? Kama ni wewe, nyonya."

Mtoto akazidi kulia. Mama akamwita kaka wa huyo Shikanga. Akawaita kina kukhu, nyanya zetu wa pande zote mbili. Akaita hata watu ambao sikuwahi kuwasikia. Hakuna aliyeitika.

Tyson akaingia. Akaweka mkoba mezani, karibu na beseni la mtoto. Uso wake ulikuwa wa jivu. Nilimtukana, sikumbuki nilisema nini.

Mama hakumtukana. Alimtazama, kisha akautazama mkoba.

"Kuna mtu amesimama mlangoni, anawazuia watu wetu kuingia," akasema polepole. "Tyson. Umemwita nani?"

Tyson akarudi nyuma hatua moja. Naliaka akamshika shati.

"Sema."

"Hezekiah," Tyson akanong'ona.

Mtoto akanyamaza.

Hakumalizia kile kilio. Kilikatika katikati. Akageuza kichwa kumwelekea baba yake. Siku ishirini na tatu, shingo haijakaza. Akageuza kichwa taratibu, akamtazama. Kisha akamgeukia mama yake, akalishika ziwa, akanyonya.

Naliaka alifumba macho. Machozi yalimtoka, lakini hakumwondoa mtoto. Ningekuwa mimi, nami nisingemwondoa.

Tyson alifungua mkoba. Mstari wa mwisho kwenye laptopu ulisema jibu limefika kwa muda usiotimia milisekunde moja. Aliniambia muda kama huo unaupata mashine ikiwa chumba kimoja nawe. Chini yake hesabu ilikuwa imejifunga yenyewe. Miito iliyotumwa, elfu kumi na mbili mia sita na kumi na nne. Majibu yaliyopokelewa, elfu kumi na mbili mia sita na kumi na nne. Yaliyopotea, sifuri.

Tulikesha tumemzunguka mtoto, mlango umefungwa kwa komeo. Alilala vizuri. Nilimfunga kofia yake ya sufu mwenyewe, kamba chini ya kidevu, mafundo mawili.

Jumanne asubuhi nilipasha maji nimwogeshe. Mafundo yalikuwa yaleyale mawili. Nikayafungua, nikaivua kofia.

Hakuwa na nywele.

Kichwa kilikuwa kimenyolewa hadi ngozi, kwa wembe, kwa mkono uliotulia. Hapakuwa na mchubuko. Niligeuza kofia, nikakung'uta shuka, nikapiga magoti nikapapasa sakafu. Hakuna unywele hata mmoja. Naliaka alipitisha kiganja juu ya kichwa kile, akaenda, akarudi.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Kageha, aliyekuwa amerudi Khwisero alfajiri kwa ajili ya kunyolewa.

"Dada Milcah, huko kwenu mko salama?"

"Kwa nini unauliza?"

Nilisikia akisogea mbali na watu. Kisha akanong'ona. "Huku wamenyoa watu kumi na mmoja. Watu wazima wote. Sasa wazee wamekusanya nywele waende wafukie, wamepata zingine juu. Nyeusi, laini. Ya mtoto. Wanauliza ni ya nani na mimi nimenyamaza."

Nikakata simu, nikamshika Tyson ukosi. Siku hiyohiyo tuliipeleka kompyuta Khwisero, na memori yake, na kadi yake, na Tyson akapiga magoti mbele ya watu wasiomjua. Walipokea vitu vyote. Mzee wao alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Vitu vinarudishwa," alisema. "Aliyenyolewa hapa ni wa hapa. Nywele zimeshafukiwa."

Sasa mtoto ana miaka miwili. Kanisani tulimbatiza Shikanga, mchungaji akalitamka mara tatu. Ana afya, anakula. Kichwani hajaota hata unywele mmoja, na madaktari wawili wamekuna videvu vyao. Nampenda, nami namwogopa.

Hasemi bado. Ukimwita Shikanga, hageuki. Lakini kuna siku Naliaka huchoka, chakula kimepoa, naye huita lile jingine kutoka jikoni. Mtoto huitika kwa sauti nzito, "Nimekuja," na kila mara huitika kabla mama yake hajamaliza kuita.